Dola Zilizonuka Petroli

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, fundi alipojivuta kutoka chini ya gari la watalii, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaja mpaka kwenye kaunta ya duka langu la spea na kuniuliza swali ambalo, kwa nilivyomjua, hakuwahi kumuuliza mtu.

"Jirani, wewe ndiye unasoma magazeti. Hizi dola niziuze leo ama ningoje?"

Saa hiyo niliiandika kwenye daftari, kwa mazoea tu. Mimi huandika saa ya kila jambo. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Fundi alikuwa na dola elfu mbili, alizozikusanya kwa miaka minne. Asubuhi ile benki ilikuwa ikinunua dola moja kwa shilingi mia moja hamsini na saba, kwa hiyo mkononi alikuwa na laki tatu na elfu kumi na nne. Lifti ya kuinulia magari, ile yenye nguzo mbili, ilikuwa ikiuzwa Mombasa kwa laki mbili na elfu tisini. Kuisafirisha hadi Voi na kuisimika kwenye zege, elfu ishirini. Zingebaki elfu nne za soda.

Lifti hiyo haikuwa anasa. Fundi alikuwa akifanya kazi amelala chali chini ya magari tangu nimjue, na mgongo ulikuwa umeanza kumkatalia. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo, iko siku atalala na kushindwa kuinuka. Aliponiuliza habari za dola alikuwa akiniuliza habari za mgongo wake, na nililijua hilo.

Nikamjibu: "Ngoja. Wiki mbili tatu hivi itagonga mia moja sabini. Utapata lifti, na kompresa juu yake."

"Una hakika?"

"Magazeti yote yanasema hivyo."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi chini ya gari. Yaliyofuata nitayasema, lakini kwanza lazima mtu mwenyewe ajulikane, maana hasara ya mtu usiyemjua ni tarakimu tu.

Gereji yake na duka langu vilitenganishwa na ua wa mabati, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Tulikuwa majirani miaka kumi na minne. Sijui alizaliwa wapi. Voi ni mji wa watu walioletwa na reli, au mkonge, au gari lililowaharibikia hapa, na ukianza kumuuliza kila mmoja alikotoka hutauza hata nati moja.

Kusema kweli nilimjua zaidi kwa viatu. Nikipita asubuhi na kumsalimu, uso wake haukuonekana. Kilichonijibu ni kiatu cha kulia, ambacho kilitikisika mara mbili. Mara moja ilimaanisha ana hasira na bolti. Tulizungumza mambo mazito kabisa, siasa, mazishi, karo za shule, mimi nikiwa nimechutama kando ya tairi na yeye akiongea na sakafu ya gari. Wateja wapya walidhani naongea peke yangu. Siku niliyomwona kanisani, amesimama wima, amevaa suti, nilimpita bila kumtambua. Alinifuata mpaka nje akaniambia, "Ungetazama chini ungenijua."

Wengi wa wateja wake walikuwa madereva wa watalii. Magari yao hutoka Tsavo yakiwa na udongo mwekundu uliogandamana chini kama chapati, na kabla ya kugusa chochote fundi aliukwangua wote kwa mtarimbo mdogo. Fundi mwingine angeutupa. Huyu aliuweka kwenye debe, na Jumamosi saa sita, kabla ya kufunga, alihesabu madebe. Debe moja, wageni wachache. Debe tatu, hoteli za mbugani zina watu. Mwaka ule shilingi ilipoporomoka alifikisha debe tano na nusu kwa wiki moja, akaniita nije nishuhudie.

"Shilingi ikiugua, udongo unazidi," akasema.

Nilimweleza kitaalamu, nikiwa nimetoka kusoma ukurasa mzima wa biashara: mgeni aliyekuja na dola zile zile sasa anapata shilingi nyingi zaidi, likizo yake inakuwa nafuu, ndiyo maana wageni wanaongezeka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo nimesema hivyo," akasema. "Tofauti ni kwamba mimi nina debe."

Udongo huo mkewe aliuchukua, akauchanganya na mbolea ya mbuzi aliyoletewa kutoka Marungu, akapanda sukuma wiki nyuma ya gereji. Ilistawi vizuri mno. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye makali. Mimi aliniita shemeji, na kila nilipoeleza habari za uchumi alinikatia majani ya sukuma nipeleke nyumbani, kwa namna ambayo sikujua kama ni zawadi au ni njia ya kuniondoa.

Msemo wa fundi ulikuwa mmoja: gari halidanganyi chini. Rangi, viti, hata mwenye gari, vyote vinaweza kudanganya. Kutoka pale chini aliijua Taita Taveta nzima. Lori la mkonge lilikuja na nyuzi nyeupe zimejisokota kwenye shafti. Pikapu ya Mata ilikuja na mbegu za nyanya zilizokauka kwenye springi. Na kila gari lilikuja na dereva, na kila dereva na malalamiko.

Nakumbuka siku dereva wa lori la mkonge alipokuwa akijisifu. Mkonge unauzwa ng'ambo, akasema, unalipwa kwa dola, tajiri wake mwaka huu anacheka mpaka jino la mwisho.

"Na mshahara wako?" sauti ikatoka chini ya lori.

"Mshahara ni wa shilingi, mzee. Ule ule."

"Kumbe unaendesha dola, unakula shilingi."

Mama mmoja wa Mata, aliyekuwa akiuzia hoteli nyanya na aliyekaa juu ya kreti akingoja pikapu yake, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaanza yake. Mbolea imepanda kwa sababu inatoka nje. Dizeli imepanda kwa sababu inatoka nje. Nyanya haikupanda kwa sababu inatoka kwake.

"Na hoteli si wanalipwa dola, mama?" nikauliza.

"Wao wanalipwa dola," akasema. "Mimi nalipwa kesho."

Nikaandika hilo pia.

Mimi mwenyewe nilikuwa na upande wangu. Bushi, breki, rejeta, vyote vinatoka nje, na kila mzigo ulipokuja kutoka Mombasa ulikuja na bei mpya. Nilibandika bei upya mara nyingi hata karatasi zikafanya unene. Madereva walinitazama kama mwizi. Fundi ndiye aliyenitetea, lakini alinitetea kwa njia yake. "Huyu si mwizi," aliwaambia. "Mwizi angekuwa amejenga."

Na hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo sikuwahi kulielewa kwake. Spea aliandika kwa bei ya siku hiyo, bila aibu. Lakini kazi ya mkono hakuipandisha hata shilingi kumi. Nilimwonyesha kwa kalamu kwamba unga umepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, sabuni imepanda, na kwa hiyo mkono wake unashuka thamani kila mwezi.

"Mkono wangu haukuja kwa meli," akajibu.

Mkewe alikuwa akipita na karai. "Lakini unga anaokula umekuja kwa meli," akasema, akaenda zake.

Alikuwa hivyo katika mengi. Alitengeneza magari ya mbugani kila siku ya Mungu na hakutaka kabisa kuingia mbugani. Ndovu wakivuka hadi mashamba ya watu, yeye alifunga gereji na kwenda nyumbani, kwa hoja kwamba ndovu hana breki. Aliingia mara moja tu ninayoijua. Gari lilikuwa limekatika springi karibu na simba waliolala, mzigo mzima wa wageni ndani, na dereva alipiga simu akilia. Fundi akapelekwa na gari la pili. Alijitupa chini ya lile bovu na kufanya kazi ya dakika arobaini. Alipomaliza hakutoka.

"Mzee, tayari?" dereva akauliza.

"Tayari kitambo. Wale wamelala?"

"Wamelala."

"Wote? Wahesabu tena."

Wageni walimpiga picha nyingi kuliko walizopiga simba. Mmoja akamzawadia noti ya dola ishirini, na noti hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya zile elfu mbili.

Nyingine zilitoka kwa madereva. Bakshishi yao huja kwa noti ndogo ndogo, za moja na za tano, ambazo benki huzipokea shingo upande na kwa bei ya chini. Fundi akaamua kuzipokea yeye, badala ya malipo ya mkono. Kila asubuhi baada ya taarifa ya habari ya saa moja aliandika kwa chaki kwenye lango la gereji bei ya dola ya siku hiyo, na aliandika bei kamili hata kwa noti ndogo. Madereva wakazipenda gereji na chaki. Noti ndogo zikifika mia, alimtafuta dereva anayekwenda Mombasa ambebee kuzibadilisha kwa noti kubwa. Nilimwambia anapata hasara.

"Dereva ana watoto," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nina mgongo. Watoto wanakula zaidi."

Sasa nirudi kwenye ile Jumatano. Shilingi ilikuwa imeshuka kwa muda mrefu hata watu wakadhani kushuka ndiyo kazi yake. Kila dereva alikuwa mtabiri. Mmoja alisema dola itafika mia mbili, mwingine akasema mia mbili ni ya wiki ijayo. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili na kujisomea mwenyewe kila kilichochapishwa, nilijiona mtu wa kiasi kwa kusema mia moja sabini. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaka liandikwe hivyo: sikukosea kwa kubahatisha, nilikosea kwa mpangilio.

Wiki iliyofuata dola haikupanda. Wiki ya pili yake ikaanza kuteremka, kwanza kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kisha kama mawe. Asubuhi moja fundi aliandika chaki mia moja arobaini na tano, akasimama akiitazama namba yake mwenyewe. Akavua ovaroli, akachukua dola zake kwenye kopo la gresi alimozihifadhi, akaenda benki.

Alirudi nazo zote. Karani, binti mpole, alizitandaza juu ya kaunta, moja baada ya nyingine. Zilikuwa na alama za vidole vyake vya mafuta, kila noti, kama kitambulisho. "Baba, hizi siwezi kuzipokea," alimwambia. "Zina madoa."

Hapo fundi alifanya jambo ambalo ni fundi wa magari peke yake angelifanya. Mtu wa kawaida akiona doa la gresi angewaza sabuni. Yeye kwa maisha yake yote alijua kitu kimoja tu kinachotoa gresi. Alimimina petroli kwenye karai na kuziogesha dola zote elfu mbili kwa brashi ya meno.

Gresi ilitoka. Alizirudisha benki siku ya tatu, safi kama mpya, na yule binti akarudi hatua moja nyuma ya kaunta yake.

"Baba, hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye karai."

"Zinanuka petroli. Nikiziweka kwenye sefu jengo zima litanuka."

"Nizifanye nini, mama?"

"Zianike, baba. Zikiacha kunuka, uje."

Akafunga waya wa breki kutoka nguzo ya ua wa mabati mpaka mti wa mwarobaini, nyuma, kwenye bustani ya sukuma, na mkewe akamwazima vibanio vya nguo. Dola elfu mbili zikaning'inia juu ya sukuma wiki, mchana kwenye jua la Voi, jioni zikiingizwa ndani kama kuku. Mkewe alikaa chini ya waya na fimbo, akilinda. Nilipokwenda kutazama aliniambia, "Shemeji, njoo unuse uchumi wako."

Nilinusa. Bado zilinuka.

Zilianikwa wiki nne. Kila asubuhi fundi aliandika chaki, na kila asubuhi namba ilikuwa ndogo. Mia arobaini na moja. Mia thelathini na sita. Mimi niliacha kwenda kumsalimu viatu. Nilipita upande wa pili wa barabara na kujifanya natafuta wateja. Siku karani alipozikubali, bei ilikuwa mia moja ishirini na nane. Akapewa laki mbili na elfu hamsini na sita.

Mtu angefikiri kwamba dola ikishuka, lifti nayo itashuka, maana imetoka nje. Niliwaza hivyo, na nilimpigia simu mwenye duka Mombasa nikiwa na karatasi yangu ya hesabu mbele. Alikuwa mtu wa adabu.

"Mzee wangu, huu mzigo niliununua dola ikiwa juu. Nikikuuzia kwa bei ya leo, nitakula nini?"

"Na ile ilipokuwa inapanda, mizigo ya zamani si uliuza kwa bei mpya?"

Akacheka kidogo. "Ile ilikuwa biashara."

Sikuweza kumlaumu. Na mimi bei zangu za bushi bado zilikuwa zile zile za juu, karatasi juu ya karatasi.

Fundi alipungukiwa na shilingi elfu hamsini na nne. Nilikwenda kumwambia nitamlipa kidogo kidogo, maana neno "ngoja" lilitoka kinywani mwangu. Sauti ikatoka chini ya gari: "Nipe spana kumi na saba." Nikampa. Hilo ndilo jibu nililopata. Alifanya kazi chali miezi minane zaidi kufidia pengo. Miezi minane hiyo niliihesabu, kwa sababu ndiyo sehemu ya hasara isiyoingia kwenye shilingi: nilimwona akiinuka kwa kushika bampa, kisha kwa kushika bampa na ukuta, kisha kwa kushikwa na mkewe. Kazi ya mkono hakuipandisha.

Mwaka uliofuata nilihamishia duka Mraru, kwenye barabara ya Taveta, ambako kodi ni nafuu. Sababu ya kodi ni ya kweli. Si ya pekee.

Nilimwona tena mwaka huu. Gari langu lilianza kugonga upande wa mbele, na Mraru hakuna mtu ninayemwamini, nikashuka nalo Voi. Kwenye lango chaki bado ilikuwepo, na namba yake ilikuwa karibu ile ile niliyoiacha. Niliingia nikitazama chini, kwa mazoea, nikitafuta viatu.

"Juu," sauti ikasema.

Alikuwa amesimama kati ya nguzo mbili za bluu, wima, mikono kiunoni, gari la watalii likiwa juu ya kichwa chake kama dari. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Miaka kumi na minne na sikuwahi kukizingatia kimo chake.

Akaliteremsha lile la watalii, akapandisha langu. Akanivuta mkono nisimame naye chini yake.

"Tazama," akasema. "Gari yako. Hujawahi kuiona."

Kweli sikuwahi. Aligusa bushi iliyokwisha kwa ncha ya kidole, bila kuinama, bila kugumia. Udongo wa Mraru aliukwangua ukaanguka kwenye debe. Mkewe akatokea mlangoni na fungu la sukuma wiki kabla hata sijasema neno.

"Mgongo?" nikamuuliza.

"Umenisamehe." Akaendelea kukaza bolti. Kisha, bila kugeuka: "Ile hesabu uliipiga? Najua uliipiga."

Nilitoa daftari mfukoni. Ukurasa ulikuwa umekunjwa pembeni siku nyingi. Nikamsomea. Kutoka mia hamsini na saba mpaka mia arobaini na tano, nilipomwambia angoje: elfu ishirini na nne. Kutoka mia arobaini na tano mpaka mia ishirini na nane, dola zikiwa kwenye gresi, karai na waya: elfu thelathini na nne.

Alifikiri, spana ikiwa hewani.

"Kumbe petroli ilinikosea kuliko wewe," akasema.

"Kwa elfu kumi."

"Na mwaka mzima unapita mbali na lango langu. Petroli mbona inakuja kila siku?"

Mkewe akacheka mlangoni. Fundi akanikabidhi chaki, akaniambia nijumlishe pale kwenye nguzo ya lifti, kwa herufi kubwa, ili madereva wakimuuliza washikilie dola ama wauze awaonyeshe karo ya somo hilo tuliyolipa sisi wawili. Nikajumlisha mara tatu, nikaandika: shilingi elfu hamsini na nane.